Skrubu mbili chini ya mkia

"Skrubu mbili tu, mwanangu! Mbili!"

Maneno hayo ni yangu. Niliyasema kwa sauti, mbele za watu, saa saba na robo mchana, jua la Dar likiwa utosini, pale uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, Jengo la Kwanza, wanakopandia watu wa ndege ndogo. Niliyekuwa namwambia ni rubani, kijana wa rika la mwanangu wa kwanza, shati jeupe limemganda mgongoni kwa jasho. Alikuwa amechuchumaa chini ya mkia wa ndege, anapitisha kidole kwenye kifuniko cha bati kisichozidi ukubwa wa sahani. Kidole kinasimama kwenye skrubu, kinasogea, kinasimama kwenye nyingine. Kikafika kwenye tundu tupu.

Akarudi mwanzo, akahesabu upya. Tundu la pili.

Siku hiyo sikuwa na nafasi ya kuchelewa. Alfajiri nilipigiwa simu kuwa shangazi amefariki, Kilindoni, Mafia. Maziko baada ya swala ya alasiri. Kwa boti ya Nyamisati nisingefika hata kwa Isha. Kwa ndege ni kama nusu saa. Kaka zangu walichanga, nikapata kiti cha mwisho.

Kijana aliinuka, akajipangusa magoti, akaniambia kwa adabu zote: "Samahani sana mama. Hatuondoki mpaka nijue zilipo."

Hakusema mpaka zirudishwe. Alisema mpaka nijue zilipo. Siku ile sikuisikia tofauti hiyo.

Baba mmoja nyuma yangu akadakia kwamba bajaji yake haina hata taa moja nzima na kila siku inafika Mbagala. Tukacheka, kile kicheko cha watu wenye hasira. Fundi akaja mbio, skrubu mbili mpya ziko kiganjani, bisibisi mkononi. Nikashukuru Mungu. Rubani akamzuia. Akamwomba afungue kifuniko chote, aangalie ndani. Fundi akatutazama sisi abiria, akamtazama kijana, akaanza kufungua. Wakaleta tochi na kioo kidogo chenye mpini, kama cha daktari wa meno.

Skrubu moja ilikuwa ndani. Ya pili haikuonekana.

Saa tisa na nusu tukahamishiwa ndege nyingine.

## Udongo kwenye kanzu

Nilifika Kilindoni nikapishana na wanaume njiani, wanarudi makaburini. Kanzu wamezikunja, miguu ina udongo. Kwetu wanawake tunaaga nyumbani, jeneza likitoka limetoka. Uani nilikuta kitanda cha kuoshea kimeegemezwa ukutani, bado kinachuruzika maji.

Sikuuona uso wa shangazi.

Sitaeleza zaidi. Mwenye kuchelewa msiba anajua.

## Kinyongo

Mimi ni fundi cherehani, niko Magomeni. Kila mteja aliyekaa kwenye benchi langu wiki zile aliisikia habari ya skrubu mbili. Niliisimulia vizuri, nikimuigiza kijana anavyochuchumaa, mpaka watu wakashika mbavu. Wengine walinipoza kwa kunitajia ndege iliyoanguka ziwani Bukoba, ile Novemba ya 2022, kana kwamba ajali ya wengine ndiyo dawa ya msiba wangu. Niliwajibu kuwa ziwa ni ziwa na skrubu ni skrubu.

Halafu akaja jirani yangu kupunguziwa suruali. Mtaani tunamwita Mzee Ndege. Alianza kushika spana enzi za shirika la ndege la Afrika Mashariki, kabla halijavunjika 1977, akaendelea na ndege mpaka macho yalipomstaafisha. Nikamsimulia, nikichuchumaa kama kawaida. Hakucheka.

"Ya pili waliipata?"

"Hawakuipata, baba."

"Na wakawapandisha hivyo hivyo?"

"Hapana. Walitubadilishia ndege."

Akashusha pumzi. Akavuta futi yangu ya kupimia nguo, akaizungusha kwenye bobini iliyokuwa kwenye kimkono cha mashine, akanipa ncha moja, yeye akashika nyingine. "Hii bobini ni kigurudumu ndani ya mkia. Hii futi ni waya wa chuma, unatoka kwenye usukani wa rubani mpaka kwenye ubao wa mkia unaoinua na kushusha pua. Vuta." Nikavuta, akaachia, akavuta, nikaachia. Futi ikawa inateleza vizuri, kushoto kulia. Kisha akachukua pini moja mezani, akaidondosha kati ya futi na bobini.

"Vuta."

Haikuvutika. Nilipoongeza nguvu bobini ilijikaza, futi ikajikunja pembeni.

"Sasa fikiria uko juu ya bahari," akasema, akakaa kungoja suruali yake.

Nilikuwa nimedhani tatizo ni tundu tupu. Bati lingepiga kelele kidogo, basi. Kumbe kijana hakuwa na shida na tundu. Alikuwa na shida na kitu kilichotoka kwenye tundu na hakijulikani kimekwenda wapi. Skrubu mpya zingeziba matundu vizuri sana, na zingemficha adui ndani.

Na hapo nikamkumbuka shangazi, kwa namna ambayo sikuwa nimejiandaa nayo.

Yeye ndiye aliyenifundisha kushona. Sindano ikivunjika, kazi yote ilisimama. Alitandika karatasi, akaanza kukusanya vipande: kichwa, katikati, ncha. Alivipanga mpaka sindano ionekane nzima. Ncha ikikosekana, nguo haitoki, hata mwenye nguo awe amekaa mlangoni na bwana harusi anapiga honi. Nimemuona akifumua pindo la gauni la bibi harusi usiku wa kuamkia ndoa kwa ajili ya kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya mchele. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikimuona mchawi.

## Uzi wa bluu, uzi mweusi

Tangu siku ya futi na bobini nikawa namngoja Mzee Ndege kila jioni, na mpwa wangu ananisaidia kusoma ripoti alizokuwa anazitaja. Iliyoninyima usingizi ni ya Uingereza.

Juni 10, 1990, ndege ya British Airways aina ya BAC One-Eleven iliondoka Birmingham kwenda Málaga. Ilipofika kiasi cha futi 17,300, kioo cha mbele upande wa kapteni kiling'oka kikaenda zake. Kapteni Tim Lancaster akavutwa nje, kiwiliwili kiko upeponi, miguu imebaki ndani. Mhudumu Nigel Ogden akamdaka, na wenzake wakasaidiana kumshikilia, huku rubani msaidizi Alastair Atchison akiishusha ndege Southampton. Walipona wote, hata kapteni, na alirudi kurusha ndege.

Watu wengi huishia kwenye miguu ya kapteni. Mimi nilinasa kwenye kile kilichotokea usiku wa kuamkia jana yake, kwa sababu usiku ule naujua.

Fundi yuko zamu ya usiku, watu hawatoshi, saa za alfajiri zile ambazo mwili unataka kulala. Kioo kinashikiliwa na bolti 90. Anachukua bolti ya zamani aliyoifungua, anaenda kwenye mabweta ya vipuri, mahali penye mwanga hafifu, anatafuta zinazofanana nayo. Kwa macho. Miwani yake ya kusomea hakuivaa. Mtunza stoo alikuwa amemwambia saizi inayotakiwa, lakini yeye aliiamini ile aliyokuwa ameishika mkononi. Katika bolti 90 alizofunga, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, kwa tofauti isiyofika hata milimita moja. Sita zilizobaki zilikuwa fupi. Na zile za zamani alizofananishia nazo pia hazikuwa sahihi, ila zilikuwa zimeshika kwa miaka.

Hakuwa mlevi. Hakuwa mvivu, alikuwa msimamizi wa zamu aliyeingia kazini mwenyewe ili ndege iwahi.

Sasa nisikilizeni mimi. Miaka sita iliyopita, usiku wa kuamkia Idi, nina sare kumi na nne za watoto wa familia moja, bluu iliyokoza. Uzi umeisha. Nikachukua kitambaa, nikaenda kwenye boksi la nyuzi chini ya taa ya mwanga wa njano, nikafananisha, nikapata. Kwenye kitako cha kila rili kuna namba ya rangi. Sikuisoma. Ya nini, na macho ninayo? Nilishona sare kumi na nne, na asubuhi nilipofungua mlango, jua likaingia, mishono yote ilikuwa myeusi tii.

Nilivyoona ile sentensi ya ripoti kuhusu kufananisha kwa macho, niliifunga simu.

Anachokisisitiza Mzee Ndege ni kwamba hakuna aliyepita nyuma ya yule fundi. Sheria za wakati ule hazikukihesabu kioo kile katika kazi zinazodai mtu wa pili kukagua. Alifunga mwenyewe, akasaini mwenyewe. Mimi pia dukani niko peke yangu, lakini nguo zangu haziruki.

## Sasa kidole kinasaidia nini?

Hapa ndipo nilipoanza kumgeuka rubani wangu upya. Maana ukizunguka ndege ya Birmingham mara kumi, na kidole chako, na tochi yako, bolti ungeziona zote ziko mahali pake, zinang'aa. Nikamuuliza mzee: basi ule mzunguko ni maonyesho kwa abiria?

Hakunijibu moja kwa moja. Akaniongezea nyingine, mbaya zaidi.

Septemba 11, 1991, ndege ndogo ya Continental Express aina ya Embraer 120 ilisambaratika angani karibu na Eagle Lake, Texas. Watu 14 walikufa, wote. Usiku uliotangulia mafundi walianza kazi kwenye mkia, wakafungua skrubu 47 za juu, upande wa kushoto. Zamu ikaisha. Habari kamili haikuwafikia walioingia, na karatasi za kazi hazikujazwa. Kazi ya upande ule haikuendelea, ndege ikarudishwa kubeba abiria. Asubuhi ikafanya safari moja salama. Ya pili ndiyo hiyo. Na mkia wa ndege ile uko juu, umbo la herufi T. Aliyesimama chini haoni mgongo wake hata akinyoosha shingo.

"Kwa hiyo ule mzunguko haukamati kitu," nikasema.

"Unakamata kile kilichobaki kuonekana," akasema. "Na hapo napo, jicho ni jicho."

Oktoba 2, 1996, Boeing 757 ya Aeroperú iliruka Lima usiku wa manane. Ilikuwa imesafishwa. Msafishaji alikuwa ameziba kwa gundi ya utepe vile vitundu vya ubavuni vinavyopima hewa, akasahau kuibandua. Vitundu vikizibwa, vipimo vya urefu na mwendo vinadanganya. Rubani akazunguka, hakuiona. Fundi hakuiona. Juu ya bahari, gizani, vipimo viliwaambia wako maelfu ya futi juu wakati bawa linagusa maji. Watu 70.

Miezi minane kabla, Februari 6, Boeing 757 nyingine, ya Birgenair, ilianguka baada ya kuruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika. Watu 189. Ndege ilikaa uwanjani siku kadhaa, mirija yake ya pitoti, ile inayopima mwendo, haijavishwa kofia. Wachunguzi waliamini kilichoziba mmoja ni nyigu wa udongo.

Nyigu! Mtu wa Dar hahitaji kuelezewa. Nikisafiri siku tatu nakuta wameziba tundu la kufuli la duka. Nimewahi kutoa kitonge kwenye tundu la rili ya uzi, kimekauka kama jiwe, ndani kuna buibui waliohifadhiwa kama samaki wa kukaushwa. Sikujua kwamba mdudu yule anaweza kuiangusha Boeing.

Basi nikaanza kuielewa ile shughuli ya kijana kabla ya kufika mkiani, ambayo nilikuwa nimeitazama bila kuiona. Alichukua mafuta kidogo chini ya bawa kwenye kikombe cha plastiki kinachopitisha mwanga, akakiinua juani. Kumbe anatafuta maji, maana maji hukaa chini ya mafuta. Alivuta utepe mwekundu, kofia ya mrija ikatoka. Alipapasa propela kama mtu anayepapasa makali ya panga, kutafuta pengo. Ni vitu ambavyo mtu mwenye haraka anaweza kuvipita akiwa amevitazama.

Rubani anazunguka ndege ile ile kila siku, mara nne, mara sita, na kila siku haina kitu. Mimi nikikagua vishikizo vya shati la ishirini sivioni tena, naona shati. Yeye aliwezaje kuona?

Alikuwa anahesabu kwa kidole. Nadhani ni hilo. Jicho lingeona kifuniko kimefungwa. Kidole hakijui kifuniko, kinajua skrubu.

## Mikono ya yule fundi

Kilichobaki kunisumbua si rubani. Ni fundi.

Alikuja na skrubu mpya kiganjani. Alikuwa tayari kuzitia. Na kabla ya kutii alitutazama sisi. Nimeurudia uso ule kichwani usiku mwingi. Watu kumi na kitu wanapiga makelele, mwanamke wa msiba analia kwa hasira, mzee wa bajaji anachekesha. Nani kati yetu alikuwa upande wa kufungua kifuniko?

Nilimuuliza Mzee Ndege kama anadhani ni fundi yule aliyekifunga kifuniko usiku. Akasema halimhusu. Kisha, akiwa ameinamia kahawa, akanieleza habari zake mwenyewe. Ujana wake aliwahi kufika nyumbani Kiwalani, akala, akalala, akashtuka saa nane usiku: kurunzi. Hakukumbuka kuitoa ndani ya bawa. Alirudi hangani, kwenye banda la kutengenezea ndege, kwa miguu, akamwamsha mkubwa wake, wakafungua bawa, ikawemo. Mkubwa akamchemshia chai. Miaka baadaye, chini ya mkubwa mwingine, mwenzake alikiri kosa dogo kuliko hilo akakatwa mshahara. "Tangu hapo," akasema, "hakuna tena aliyepoteza kitu hangani kwetu. Miezi na miezi. Mahali pazima hapapotei kitu!" Akacheka peke yake.

Yule mpwa wangu alinionyesha ripoti ya Australia ya 2024: mafundi wa shirika la ndege la Qantas, Los Angeles, walisahau kifaa cha nailoni chenye urefu wa mita 1.25 ndani ya injini ya ndege kubwa ya Airbus A380. Kilijulikana kuwa hakipo, lakini msako wa kifaa kilichopotea haukuanzishwa kabla ya ndege kuruhusiwa. Ndege ikaruka nacho safari 34, saa karibu 300. Hakuna aliyeumia. Mita moja na robo! Na mimi nilikuwa nagombana kwa skrubu ya urefu wa kucha.

## Arobaini

Wiki iliyopita nilirudi Mafia kwa arobaini ya shangazi. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia yule kijana. Sikumkuta. Rubani alikuwa dada mmoja mwembamba, miwani ya jua ameitundika kwenye shati.

Alianza puani. Tukasimama pale pale, kwenye ukingo wa kivuli. Alipofika mkiani akachuchumaa, na kidole kikaanza.

"Huyu dada anatafuta nini tena?" mtu akanong'ona pembeni yangu. "Saa inakwenda."

"Mwache ahesabu," nikasema, na nikajikuta nahesabu naye. Nilifika kumi na moja. Gari la mizigo likapita katikati yetu, na lilipoondoka dada alikuwa ameshahamia kwenye tairi.